Fundi wangu wa tanuri kila Jumatatu haonekani: nimkate, nimfukuze au nimbembeleze?

#1 Mzee wa Bofulo
Wakuu, habari za kazi. Nina kiwanda kidogo cha mikate huku Mbagala, watu 12 kwa jumla. Zamu inaingia saa 3 usiku, saa 10 alfajiri mikate ya kwanza inatoka, saa 11 wenye guta na pikipiki wameshapanga foleni getini. Ukichelewa nusu saa, mangi ameshapokea mkate wa mwingine na wako unarudi nao nyumbani.

Shida yangu ni fundi wa tanuri. Jamaa ana mkono. Anajua moto umefika kwa kunusa tu, sitanii. Lakini Jumatatu haonekani. Tangu Januari nimehesabu mara tisa. Simu inaita haipokelewi. Akirudi anakuja amenyoa ndevu, anasalimia mmoja mmoja, anavaa aproni, kazi inaendelea kama hakuna kilichotokea. Wiki hii nilibaki mimi na kijana wa kukanda, trei 14 zikaungua chini huku juu mabichi. Tumemuuzia mfuga nguruwe.

Mshahara wake 390,000. Nimeanza kumkata 25,000 kila akikosa, haisaidii. Mke wangu anasema nimfukuze, mdogo wangu anasema nimuongezee hela. Wenye uzoefu, mnafanyaje na watoro?

#2 Jogoo la Temeke
Fukuza. Mafundi mjini hapa wapo wa kumwaga. Siku tano tu sheria inakuruhusu.

#3 Chai ya Rangi
Jogoo, fundi anayenusa moto anamwagwa wapi? Nielekeze nikaokote.

#4 Dada wa Utumishi
Pole mleta mada. Nimekaa ofisi ya utumishi kiwandani miaka 11, niseme kidogo.

Jogoo ameisoma sheria akiwa amesimama kwenye daladala. Mwongozo wa nidhamu uliomo kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, unataja kukosa kazini bila ruhusa au bila sababu inayokubalika kwa ZAIDI ya siku tano za kazi. Na hata zikifika, humwambii mtu "ondoka" ukiwa umeshika komeo la geti. Unachunguza kwanza. Unampa tuhuma, unamwachia muda usiopungua saa 48 ajiandae, anakaa kwenye kikao cha nidhamu na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi, na anayeongoza kikao asiwe yule yule mwenye ugomvi naye. Akiitwa akagoma kuja, hapo mnaendelea bila yeye.

Ukiruka hatua ana siku 30 za kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kilipotungwa kiliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Piga 390,000 mara 12 halafu urudi utuambie hizo trei 14 zilikuwa shilingi ngapi.

Swali: hiyo 25,000 unaikata kwa kifungu kipi?

#5 Mzee wa Bofulo
Kwa kifungu cha hasira, dada.

#6 Dada wa Utumishi
390,000 kwa siku 26 ni 15,000. Usiku asiofanya kazi bila ruhusa, humlipi usiku huo, hapo unaeleweka. Ile 10,000 ya juu ni faini uliyoitunga mwenyewe. Makato kwenye mshahara ni mpaka sheria iruhusu, au yeye awe amekubali kwa maandishi. Alisaini chochote?

#7 Mzee wa Bofulo
Hajasaini. Hata mkataba wenyewe tulipeana mikono tu, akaanza kazi usiku ule ule.

#8 Chai ya Rangi
Uzi umenoga. Naleta kigoda.

#9 Kibarua Mstaafu
Mnakimbilia sheria kabla hamjajua mtu anaenda wapi. Nilikuwa msimamizi wa zamu kiwanda cha nguo, siku hizo mshahara unatolewa dirishani kwenye bahasha. Ukilipa Ijumaa, Jumatatu robo ya mashine zimelala. Bosi akaona ametupata, akahamishia mshahara Jumatatu ili watu waamkie kazini kupokea. Walikuja wote, hata waliokuwa na homa. Utoro ukahamia Jumanne.

Mleta mada, chukua daftari la mahudhurio uandike zile tarehe tisa pembeni ya tarehe za mshahara. Zikifuatana, unajua hela inakwenda wapi. Zisipofuatana, acha kumsingizia pombe.

#10 Mzee wa Bofulo
Mzee, pombe sijaitaja mimi.

#11 Kibarua Mstaafu
Hujaitaja lakini umeandika amenyoa ndevu. Hiyo nyoa ya mtu anayeficha macho mekundu tunaijua.

#12 Kaka wa Likoni
Salamu kutoka ng'ambo ya feri. Hapa kwetu Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 yamruhusu mwajiri kukata kwa siku uliyokosa bila ruhusa, ila isizidi ujira wa siku hiyo moja. Kwa hivyo ile elfu kumi ya hasira hata huku haivuki.

Na jambo jingine. Mwajiri wa kwetu akidai kwamba mtu katoroka kazi, mahakama humuuliza: wewe ulimtafuta vipi? Ulipiga simu? Ulimwandikia? Uliuliza kwao? Ukijibu "nilimngojea", kesi yako imeshalowa. Binamu yangu aliachishwa hotelini akiwa amelazwa, bosi akasema hakujua aliko. Kumbe mpishi mwenzake ndiye aliyekuwa akimpelekea uji wodini kila siku, na uji wenyewe watoka jikoni kwa huyo bosi.

Sisi ruhusa ya ugonjwa ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu ndani ya miezi 12, baada ya kutumikia miezi miwili. Nyinyi nasikia mna 126. Mwaumwa kwa raha.

#13 Jogoo la Temeke
126 kwa mwaka? Ndiyo maana viwanda vinafungwa.

#14 Dada wa Utumishi
Kwa mzunguko wa miezi 36, Jogoo, si mwaka. 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, na cheti cha daktari juu yake. Na mwenye chini ya miezi sita kazini hizo likizo za malipo bado hazimhusu. Soma kwanza, kuwika baadaye.

#15 Nesi wa Zamu
Umetaja cheti cha daktari, naingia na mimi. Hapa ninapofanya kazi Jumatatu asubuhi tunaijua kwa mlango tu. Mtu anaingia amepiga pasi, hajakohoa hata mara moja, kabla hajasema anaumwa nini anauliza "nesi, ED nitapata?" ED ndiyo ile karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi. Ukimpima joto 36.4. Anatoka kwa hasira anaenda kwenye duka la dawa la pili mtaani kwake. Ndiyo, ED za kununua zipo, tusidanganyane.

Upande wa pili nao upo. Wapo wanaokuja kliniki kimya kimya, dawa zao za kila mwezi, hawataki kazini wajue. Hao hawaombi ED hata ukiwapa bure, wanaogopa muhuri wa kitengo utaonekana. Wanaona bora waitwe watoro. Mleta mada, usije ukamwambia akapime ndipo arudi kazini. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na mambo ya afya yake si ya kutangazwa kwenye tanuri.

#16 Jogoo la Temeke
Kliniki gani inafunguliwa saa 3 usiku nesi? Jamaa anafanya kazi usiku.

#17 Nesi wa Zamu
Hapo umenipata. Lakini mtu wa zamu ya usiku analala mchana. Mchana ukiupoteza kwenye foleni ya hospitali, usiku unauingia na nini? Kuna mwenzetu alikatwa kidole na mashine ya kukata karatasi saa 9 usiku, alikuwa ametoka kumuuguza mama yake mchana kutwa.

#18 Kibarua Mstaafu
Na huyo wa kidole alipelekwa WCF au alipewa ED na pole?

#19 Nesi wa Zamu
Alipewa pole. Mfuko wa Fidia wenyewe aliusikia kwangu, wiki tatu baadaye.

#20 Mbongo wa Leicester
Wakuu, huku Uingereza nafanya kazi ghala la mizigo. Siku saba za mwanzo unajiandikia mwenyewe kwamba ulikuwa mgonjwa, karatasi ya daktari inadaiwa zikizidi. Ukirudi, msimamizi anakuita dakika kumi: ulikuwa na nini, uko sawa, kuna cha kubadilisha? Hizo dakika kumi zinauma kuliko barua.

Halafu waajiri wengi wana hesabu yao inaitwa Bradford. Unachukua idadi ya MARA ulizokosa, unaizidisha kwa yenyewe, halafu unazidisha kwa jumla ya siku. Fundi wa mleta mada amekosa mara 9, usiku mmoja mmoja: 9 × 9 × 9 ni 729. Mtu aliyelazwa siku 12 mfululizo: 1 × 1 × 12 ni 12. Maana yake ni kwamba kukosa mara moja kwa muda mrefu unaweza kukupangia, kukosa kidogo kidogo kunavunja kazi. Huku ukifika 729 ungeshaitwa zamani.

#21 Chai ya Rangi
729! Mwiteni fundi, amefaulu daraja la kwanza.

#22 Mama Wawili
Hesabu ya Leicester imenikera, naomba nieleze. Mwanangu wa pili ana selimundu. Maumivu yanakuja bila hodi, usiku mmoja, mara siku mbili, anapoa. Baada ya wiki tatu tena. Kwa hesabu yenu mimi ni mtoro kuliko mtu aliyevunjika mguu akalala mwezi mzima. Nilikuwa keshia kwenye duka kubwa. Mwaka wa kwanza bosi aliniambia "mama, pole". Mwaka wa pili akawa anaandika kwenye kalenda ya ukutani, anaweka alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu mbele ya wenzangu wote. Sikufukuzwa. Niliacha mwenyewe siku nilipoona mwanangu amekuja dukani akaihesabu ile misalaba.

#23 Dada wa Utumishi
Pole sana mama. Na sheria nayo hapo ni finyu: siku 4 za malipo za ugonjwa au kifo cha mtoto, na vifo vya ndugu wa karibu.

#24 Mjukuu Halali
Siku 4 kila msiba si haba.

#25 Dada wa Utumishi
Si kila msiba. Ni 4 kwa jumla ndani ya miezi 36, hata matukio yawe mangapi. Zaidi ya hapo mnakubaliana na mwajiri, bila malipo.

#26 Mjukuu Halali
Eh. Kumbe mimi nimeshatumia mpaka za mwaka 2031.

#27 Jogoo la Temeke
Tukiwa kwenye misiba: nina kijana wa karakana, bibi yake amekufa mara tatu. Mara ya tatu nilimchangia sanda kwa mdomo tu, nikamwambia huyu bibi safari hii mumzike kwa zege.

#28 Mjukuu Halali
Jogoo, bibi mzaa mama, bibi mzaa baba, na mdogo wake bibi aliyemlea. Watatu hao, na wote ni bibi. Wewe una bibi mmoja kwa sababu huhudhurii ukoo.

Sasa nataka wajuzi mnijibu. Orodha ya sheria ni mume au mke, mzazi, bibi na babu, mjukuu, kaka na dada. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Mimi nilisomeshwa na mjomba tangu darasa la tatu. Alipofariki Songea nilikuwa Dar. Basi tu siku nzima kwenda, siku nzima kurudi, matanga siku tatu, na mpwa mkubwa ndiye anayetakiwa kushika jembe. Nikaandika kwenye fomu "baba". Nilidanganya? Afisa utumishi alinipa siku nne, akasema pole. Miaka miwili baadaye baba yangu mzazi akafariki kweli. Afisa akafungua faili, akanitazama tu.

#29 Kaka wa Likoni
Ya Rabbi. Ukamwambiaje?

#30 Mjukuu Halali
Nilimwambia yule wa kwanza alikuwa baba wa ada za shule. Alinipa likizo ya mwaka, siku saba kati ya zile 28.

#31 Pweza wa Forodhani
Naongeza tu: hayo ya sheria ya 2004 ni ya Bara. Zanzibar tuna yetu, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Asije mtu wa Bububu akachukua namba za huku akaenda nazo kamisheni ya kazi akachekwa.

#32 Kibarua Mstaafu
Tumeuhama uzi. Mleta mada yuko wapi? Nataka kumuuliza mambo mawili ya kikubwa. Watu wako wanapumzika lini kwa wiki? Na ile nyongeza ya usiku unawapa? Sheria inasema kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, inalipiwa asilimia 5 juu ya mshahara wa msingi. Kwa fundi wako ni 19,500 kwa mwezi. Na mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo.

#33 Mzee wa Bofulo
Nipo, nilikuwa napokea unga. Nyongeza ya usiku, wazee, kusema kweli nilijua imo humo humo ndani ya 390,000. Nitaliangalia hilo.

Mapumziko wanapata. Nina ubao pale karibu na miksa, kila mtu ana usiku wake. Yeye yupo usiku wa Jumatatu. Sasa Jumapili usiku ndiyo kazi kubwa kwangu, mikate ya Jumatatu, shule na mama ntilie wote wanaagiza. Hapo ndipo anaponikosa.

#34 Bi Mkubwa wa Mikindani
Hebu ngoja mwanangu. Ubao unasema anapumzika usiku wa Jumatatu. Na wewe unalalamika hakuja usiku upi?

#35 Mzee wa Bofulo
Jumapili saa 3 usiku, bibi. Kuamkia Jumatatu. Ndiyo nikaita Jumatatu.

#36 Bi Mkubwa wa Mikindani
Mwanangu, kwetu pwani jua likishazama Jumapili, huo ndio usiku wa Jumatatu. Usiku hutangulia mchana wake. Yasini ya usiku wa Ijumaa husomwa lini? Alhamisi baada ya magharibi. Fundi wako mtu wa wapi?

#37 Mzee wa Bofulo
Kilwa.

#38 Chai ya Rangi
MUNGU WANGU.

#39 Mbongo wa Leicester
Naifuta 729.

#40 Jogoo la Temeke
Acheni kumtafutia mlango wa kutokea. Mtu yupo Dar, anatumia simu, simu inamwambia Jumapili ni Jumapili mpaka saa 6 usiku. Na kama ndivyo alivyoelewa, angekosa wiki zote. Tangu Januari Jumapili ni zaidi ya ishirini, amekosa tisa. Zilizobaki alikuwa Mzungu?

#41 Kibarua Mstaafu
Leo Jogoo amewika saa yake. Mleta mada, daftari.

#42 Mzee wa Bofulo
Nimekaa nalo saa nzima, limejaa unga, kurasa zimeshikana. Haya ndiyo niliyoyaona.

Jumapili ni 24. Amekosa 9. Mbili kabla ya Pasaka, saba baada ya Pasaka.

Katika hizo wiki 9, wiki 6 alikuja Jumatatu saa 3 usiku wakati kwa hesabu yangu ndiyo mapumziko yake. Nakumbuka nilimuona nikadhani anajifidia kwa aibu. Wiki 3 hakuja kote kuwili.

Tarehe za mshahara: nalipa tarehe 30. Mbili tu ndizo zimegusana na mshahara.

#43 Dada wa Utumishi
Pasaka kulitokea nini?

#44 Mzee wa Bofulo
Msimamizi wangu wa zamani aliacha kazi akaenda kufungua duka lake Chanika. Yule alikuwa na mtindo wa kuwapigia wote Jumapili saa 10 jioni, "leo mnakuja, unga mwingi". Mimi sipigi. Naona mtu mzima anajua siku zake.

#45 Bi Mkubwa wa Mikindani
Basi. Aliyekuwa akifasiri ubao amehamia Chanika.

#46 Jogoo la Temeke
Na zile wiki 3 ambazo hakuja Jumapili wala Jumatatu? Hizo nazo ni lahaja? Na kwa nini hapokei simu? Mtu ambaye hana kosa anapokea simu.

#47 Nesi wa Zamu
Mtu aliye mapumzikoni kwa hesabu yake anazima akili, Jogoo. Mimi nikiwa ofu simu ya kazini naigeuza uso chini.

Lakini hizo wiki tatu zinanipa shaka na mimi. Bado kuna kitu.

#48 Mama Wawili
Mleta mada, huyo fundi ana familia? Usiku mtoto anabaki na nani?

#49 Mzee wa Bofulo
Ana mke, nadhani. Sijawahi kuuliza kwa kweli.

#50 Kibarua Mstaafu
Miezi yote hiyo unajua anavyonusa moto, hujui analala na nani. Mara zote tisa umemkata, hata mara moja hujamuuliza ulikuwa wapi?

#51 Mzee wa Bofulo
Nilimuuliza mara ya kwanza. Aliniambia "bosi, mbona nilikuwepo kwenye ubao?" Nikaona ananijibu jeuri, nikamkata.

#52 Chai ya Rangi
Jamani. JAMANI.

#53 Dada wa Utumishi
Hiyo sentensi moja ndiyo ingekuwa utetezi wake wote mbele ya CMA, na ungeshindwa ukiwa umesimama. Fanya hivi: futa huo ubao leo. Andika siku na saa ya kuingia, usiandike "usiku wa". Mkae wawili, umuulize kila tarehe kati ya zile tisa, uandike majibu yake, nyote msaini. Zile za ubao umrudishie hela. Zile tatu azieleze, zisipoelezeka unampa onyo la maandishi, siku ya nyingine una pa kuanzia. Na mikataba ya maandishi kwa wote 12, tafadhali.

#54 Jogoo la Temeke
Arudishiwe hela! Trei 14 atanirudishia nani? Samahani, atamrudishia nani mleta mada?

#55 Kaka wa Likoni
Jogoo mpaka ameanza kuziona ni zake.

#56 Pweza wa Forodhani
Mimi siamini ya ubao asilimia mia. Mtu wa Kilwa ataishi Mbagala asijue wenzake wanasemaje? Nadhani aliujua vizuri, akaona umempa mwanya, akautumia wiki alizoutaka. Werevu si utoro.

#57 Mbongo wa Leicester
Au alikuwa na kibarua kingine Jumapili. Mikate ya harusi, maandazi ya shughuli. Fundi mzuri hakosi wa kumwiba.

#58 Bi Mkubwa wa Mikindani
Na mleta mada aliyeandika ubao, mtu wa wapi?

#59 Mzee wa Bofulo
Moshi, bibi.

#60 Bi Mkubwa wa Mikindani
Haya.

#61 Chai ya Rangi
Hiyo "haya" imebeba karne tatu.

#62 Mzee wa Bofulo
Mrejesho, wadau. Nimefuta ubao. Nimeandika kwa chaki kubwa JUMAPILI SAA 3 USIKU, KAZI. JUMATATU SAA 3 USIKU, MAPUMZIKO. Fundi aliusoma, akacheka peke yake, akaendelea kupakaza mafuta kwenye trei. Kikao bado, nimempa mpaka kesho kutwa. Elfu kumi kumi zote tisa nimemrudishia, 90,000, na zile 15,000 za siku sita za ubao nimemuahidi mwisho wa mwezi. Mke wangu hanisemeshi.

#63 Mzee wa Bofulo
Saa hizi ni Jumapili saa 3 na dakika 10 usiku. Amekuja.

Amekuja na mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, mabegani. Amemtandikia kanga juu ya magunia ya ngano, mbali na tanuri, amemfunika na aproni ya ziada. Sijauliza kitu. Unga umeshaumuka, tunaingiza trei ya kwanza.

#64 Mama Wawili
Nilisema mimi.

#65 Kibarua Mstaafu
Kwenye kikao uliza mama wa mtoto Jumapili anakuwa zamu wapi. Na mtoto kwenye kiwanda usiku si sawa, umpangie usiku mwingine wa kupumzika.

#66 Pweza wa Forodhani
Basi wiki zile sita za Jumatatu alimwacha na nani?

#67 Jogoo la Temeke
Mtoto wa kuazima huyo. Ameusoma uzi.